Karanga Bila Maji

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, watoto wa parokia walipaka chokaa ukuta wa nyuma wa uwanja wa kanisa, upande wa nje. Jephté alikoroga chokaa ndani ya ndoo, na Bénie, msichana wa darasa la sita, alipaka kwa brashi.

Ukuta ule ulikuwa na tabia ya kuudhi. Chini yake, mahali pale pale kila juma, palionekana madoa mekundu ya udongo na mikwaruzo mingi.

"Angalia!" Jephté alisema. "Bantu ba nyuma banafanya na ukuta yetu kama mbuzi yenye kujikuna mugongo."

Watoto wakacheka. Bénie naye akacheka, akafunika madoa kwa chokaa.

Papa Liévin, katekista na kiongozi wa kikundi chao, alikuja kukagua kazi, naye alikuwa ameusikia utani ule. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, na Papa Liévin alirithi kwake mambo mawili: kufika kwa wakati na kufunga kila kitu kwa kufuli.

"Vizuri, batoto," alisema. "Sikukuu ya parokia imekaribia. Mwaka huu tunataka kusaidia majirani wa nyuma ya kanisa, hata wale wasiosali kwetu. Tumekusanya nguo za salaula, zile za mitumba. Lakini mwende kwanza mukawaulize kama wanahitaji nguo ao kitu kingine."

Watoto wakavaa vitambaa vyao vya bluu shingoni, wakaenda nyumba kwa nyumba. Kila mahali walipokewa kwa tabasamu. Kila mahali walijibiwa, "Tuko muzuri, tunashukuru Mungu. Mukileta nguo, tutapokea."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Émerance. Familia yake ilitoka Kivu ya Kaskazini. Mume wake, Mumbere, aliendesha lori, na mara nyingi alikuwa njiani. Binti yao Dorcelle alisoma darasa moja na Bénie. Mama Émerance aliwaketisha wageni kwenye viti vya plastiki, akawaletea karanga za kukaanga kwenye sahani.

"Kuleni, batoto bangu. Sisi tuko muzuri."

Karanga zilikuwa tamu na zenye chumvi. Bénie alikula, akasikia kiu, akangoja. Maji hayakuja. Kwao, mgeni hapewi karanga bila kikombe cha maji. Bibi yake angeona haya kubwa. Lakini Mama Émerance hakuwa mchoyo, maana alikuwa ameongeza karanga mara mbili. Pembeni, juu ya mkeka, mtoto mdogo alikuwa amelala muda wote wa mazungumzo. Alikuwa Lévi, mdogo wake Dorcelle.

Njiani, Jephté alisema, "Kazi imekwisha. Banataka nguo."

"Hapana," Bénie alisema. "Juu ya nini hawakutupa maji?"

"Aa, weye! Umekula karanga ya bure, sasa unataka na bia?"

Bénie hakucheka. Swali lile lilimfuata mpaka nyumbani.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimwuliza Dorcelle waziwazi. Dorcelle aliangalia chini, akachora mstari mchangani kwa kidole cha mguu.

"Maji ya kwetu si ya kumupa mugeni," alisema mwishowe. "Kisima yetu iko karibu na vyoo. Mvua ikianza, maji inabadilika rangi. Lévi ameugua kuhara mara mbili. Daktari alisema akikunywa tena ile maji, tunaweza kumupoteza. Sasa tunachota yake kwa bomba ya mtaa wa Bel-Air, mbali. Ya kwake tu. Sisi wengine tunachemsha ya kisima."

"Na makaa ikiisha?"

"Ikiisha, tunakunywa vile vile." Dorcelle alifuta ule mstari kwa unyayo.

"Lakini tulikuja kuwauliza! Mama yako alisema muko muzuri."

"Mulikuja na vitambaa shingoni, watu kumi kwa mulango. Mama atasema nini? Ataomba maji kwa kanisa ambako hatusali? Bénie, mama yangu haombi."

Kwa kina Bénie kulikuwa na bomba uani. Hakuwahi kufikiri maji yanatoka wapi asubuhi. Wingu jeusi lilikuwa limesimama juu ya mji, na alijua kwamba mvua kubwa zilikuwa karibu.

"Kesho tunaenda kwa bomba pamoja," alisema.

Asubuhi na mapema alifika kwa Mama Émerance na bidoni lake la njano, dumu la kuchotea maji. Walikwenda na wanawake wengine mpaka bombani, wakapanga foleni, wakarudi na mizigo kichwani. Shingo ya Bénie iliuma. Alitamani kupumzika, lakini aliona haya kusema. Kisha, bila mtu kutoa amri, wanawake wote wakasimama mahali pamoja, wakatua mabidoni chini na kuyaegemeza ukutani.

Ulikuwa ukuta wa kanisa. Matope mekundu ya mabidoni yaligusa chokaa aliyoipaka yeye mwenyewe Jumamosi.

Nyuma ya ukuta, pampu ilikuwa ikinguruma. Parokia ilikuwa na kisima kirefu cha mashine, na saa ile pampu ilikuwa ikijaza tangi la kumwagilia maua.

"Zamani mulango ilikuwa hapa," Mama Émerance alisema, akigusa ukuta. "Tulichota humu ndani. Ndiyo maana miguu inasimama yenyewe."

Mchana huohuo Bénie alikwenda kwa Papa Liévin, akamweleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Mutoto wangu, ile mulango haikuzibwa kwa ubaya. Waya ya pampu iliibwa. Bantu baligombana kwa foleni, uwanja ukajaa matope hata siku ya ndoa kanisani. Nilichoka. Mimi ndiye nilisema izibwe."

Bénie hakubishana naye. Maneno yake yalikuwa ya kweli.

"Basi, papa, kesho asubuhi kuya tuchote maji pamoja."

"Mimi? Na miaka hii?"

"Bidoni ndogo, papa."

Alikataa. Siku iliyofuata Bénie alirudi, akauliza tena kwa heshima ileile. Jephté alimcheka: "Utamubebesha katekista bidoni? Mungu atakuona!" Bénie alirudi tena. Mvua ya usiku ilikuwa imenyesha, na Dorcelle hakufika shuleni. Lévi alikuwa na homa.

"Papa, sitaki uniamini," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nataka utembee tu."

Papa Liévin alitazama saa yake ya mkononi.

"Kesho asubuhi nitakuwa hapa, saa kumi na mbili kamili," alisema.

Na kweli alifika, na bidoni lake chini ya kwapa. Wanawake walishangaa, wakampisha njia. Alichota kama wengine. Wakati wa kurudi jasho lilimtoka, na alipofika kwenye ukuta wa kanisa alitua mzigo wake bila kufikiri. Akauegemeza ukutani, akashusha pumzi.

Aliponyanyua bidoni, aliona chokaa nyeupe imebaki ubavuni mwa lile bidoni, na ukutani limebaki doa jekundu.

Pampu ilinguruma upande wa pili.

"Kumbe na mimi ni ile mbuzi ya Jephté," alisema polepole. Kisha akamgeukia Mama Émerance. "Mama, juu ya nini hamukutuambia?"

"Papa, mulituuliza mukitaka kutupa kitu. Hamukutuuliza tunaishi namna gani."

Jumapili, baada ya misa, Papa Liévin alisimama mbele ya kamati ya parokia na kueleza alichokiona. Hakuficha kwamba yeye ndiye aliyeziba mlango. Baadhi ya wazee walikumbusha habari ya waya na matope. Safari hii majirani wenyewe walikuwa wamekaribishwa kikaoni. Mama Émerance alisema wanawake wangepokezana ufunguo, wangefagia na kusimamia foleni. Vijana wa mtaa wangelinda pampu kwa zamu. Padri alikubali. Siku iliyofuata Jephté mwenyewe alishika nyundo, akavunja tofali la kwanza.

"Polepole, usiangushe kanisa!" Bénie alimtania.

Mlango ukafunguliwa kwa majirani wote, wa kanisa lolote. Kando yake wakajenga kibaraza kifupi cha kutua mabidoni, na pale hapakupakwa chokaa tena.

Homa ya Lévi ilikwisha. Mvua zilizidi, lakini hakuhara tena, kwa maana nyumba nzima sasa ilikunywa maji safi. Siku ya sikukuu, Papa Liévin na watoto walikwenda kumsalimia. Mama Émerance akaleta karanga. Kisha Lévi akatoka ndani, akitembea kwa uangalifu, mikono yake miwili ikishika kikombe kilichojaa mpaka ukingoni.

Papa Liévin alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Batoto," alisema, "mtu anaweza kuwa na moyo wa kutoa na bado akatoa kitu kisichohitajika. Kabla ya kumsaidia jirani, tembea naye njia yake, ubebe anachobeba. Na ukiona doa kwenye ukuta wako, usikimbilie brashi. Uliza kwanza nani alichoka hapo."

Akamrudishia Lévi kikombe.

"Sasa muletee Bénie. Yeye anangoja maji tangu siku ile ya kwanza."