Mstari wa Mwisho wa Mzee Finbarr

"Na sasa nina habari ya kusikitisha," Orla alisema kwenye maikrofoni. "Perpétue hayupo nasi leo. Amesafiri ghafla kwenda Nairobi kumuuguza shangazi yake."

Nairobi?!

Jamani, huyo Perpétue ni mimi! Na nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni, theluji inayeyuka kwenye viatu vyangu, nimevaa gauni la kijani nililolishona kwa ajili ya siku hiyo!

"Lakini mchumba wake yupo," Orla akaendelea, "na wimbo wa baba yangu anaufahamu. Mugisho, karibu."

Mchumba wangu akapanda jukwaani... na gitaa langu mkononi!

"Mzee alitufundisha sote wawili," akasema kwa ile sauti yake ya upole, ile anayoitumia kuombea chakula. "Mwenzangu sauti ilimshinda. Basi Mzee akanipa mimi."

Sauti ilinishinda?

Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Lakini sikupiga kelele. Nilirudi nyuma hatua mbili, nikajibanza nyuma ya makoti ya watu, nikasubiri.

Mnaonisoma, tulieni kwanza. Niwaeleze nilifikaje pale.

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu. Vita vilinitenganisha na mama yangu nikiwa msichana mdogo, nikalelewa na shangazi Nairobi kule Kangemi, ndiyo maana Kiswahili changu kimechanganyika hivi. Mama sijamwona mpaka leo. Sijui kama yu hai.

Marekani nilifika 2010, nikapata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mwaka uliofuata nikapangiwa mteja mpya Roseville, kando ya jiji la Saint Paul. Mzee wa Kiayalandi, mkali kama pilipili, wahudumu wanne walikuwa wameshamkimbia.

Huyo ndiye Mzee Finbarr.

Siku ya kwanza nilikuwa namkorogea uji wa shayiri huku naimba pambio la kanisani. Akagonga meza na kijiko.

"Wewe! Nani alikufundisha kupumua hivyo?"

"Hakuna mtu, Mzee."

"Uongo. Imba tena."

Kuanzia siku hiyo hakunifukuza.

Alikuwa mwimbaji, tena si wa mchezo. Miaka ya sitini huko Dublin vikundi vya nyimbo za masimulizi vilikuwa vimeshika mji. Vijana wanne wanne, masweta mazito ya sufu, gitaa, banjo, filimbi, na kila baa imejaa mpaka watu wanasikilizia dirishani. Finbarr alikuwa na kundi lake. Alitunga wimbo mmoja, ukapendwa. Rafiki yake wa kundi akaingia studio peke yake, akaurekodi, akaandika jina lake mwenyewe.

Rafiki akawa maarufu. Finbarr akapanda ndege.

Alitua Saint Paul, jiji likampa kazi ya kuendesha gari la kusukuma theluji. Wikendi akakusanya Waayalandi wenzake, wakaanzisha kundi jingine. Wakaimba zaidi ya miaka thelathini, arusi, misiba, sikukuu za mtakatifu wao. Studio hakuingia maisha yake yote. Wenzake walimbembeleza mpaka wakachoka.

"Mara moja inatosha kuibiwa," alikuwa akiniambia.

Na alikuwa na wimbo mmoja ambao hata kundi lake lilikuwa limeusikia mara chache tu. Unamhusu dada yake aliyeondoka nyumbani asubuhi moja kutafuta kazi, asirudi. Mama yao aliacha mlango bila kuufunga kila usiku, miaka ishirini.

Siku aliponiimbia nilikuwa namkata kucha. Nililia mpaka nikashindwa kuona vidole vyake.

"Una mtu aliyepotea?" akaniuliza.

"Mama."

Akanirudishia mkono nimalizie kucha.

"Basi wimbo huu ni wako."

Akanifundisha ubeti kwa ubeti, hakuna karatasi, hakuna kurekodi. Na akanipa masharti mawili ya waimbaji wa zamani wa kwao. Nayaandika hapa taratibu, myashike vizuri.

La kwanza, mstari wa mwisho hauimbwi. Unaachia muziki, unausema kwa sauti ya kawaida, kama unaongea na mtu sebuleni. Hivyo ndivyo watu wanavyojua wimbo umekwisha.

La pili, ukimaliza kuimba, wewe ndiye unayemwita mwimbaji anayefuata. Unataja jina. Aliyetajwa hakatai.

"Na huu mstari wa mwisho," Mzee akaongeza, "usiutamke ovyo ukifanya mazoezi. Uweke. Siku ya watu, mtazame yule unayetaka aingie, umwambie yeye."

Nilishajua nitamwambia nani. Kwenye kila kikao cha Waayalandi wale kuna kiti kitupu karibu na mlango, amewekewa asiyekuwepo. Ningekitazama hicho, nimwambie mama.

Mzee Finbarr alifariki Januari 2014. Orla, binti yake, akapanga kumbukumbu Jumapili ya kwanza ya Machi, mchana, na kundi likatangaza kwamba siku hiyo hiyo litachagua mtu wa kukalia kiti chake katika kundi. Majira ya joto wangezunguka miji mitatu kuimba. Mimi, mwosha wazee kutoka Bukavu, nilikuwa wa kwanza kwenye orodha!

Sasa Mugisho.

Tulikutana kwaya ya kanisa, Brooklyn Park, huko ninakoishi nje ya jiji. Mshi mwenzangu, kabila letu la Bukavu, mpiga gitaa, mtanashati. Aliposikia habari za kile kiti, alichangamka kuliko mimi.

"Chérie, imba tena ule wimbo. Iko bien sana. Minapenda kusikiya tu."

Nikaimba jikoni. Kesho yake akaomba tena. Keshokutwa tena.

"Mbona hauimalizaki?" akauliza siku moja.

"Mwisho wake haufanyiwi mazoezi."

"Hata kwa mimi?"

Mwanamume akikuuliza hivyo huku anakushika kiuno, utamficha nini?

Asubuhi ya kumbukumbu nikaamka, yeye hayupo. Gitaa langu halipo. Funguo za gari nazo hazipo! Nikapiga simu. Imezimwa.

Brooklyn Park siku ya Jumapili mabasi ni ya kutafuta kwa tochi. Bila gari wewe ni mfungwa.

Dakika kumi hazijapita, honi nje. Khadijah, rafiki yangu wa Mombasa, anayeendesha gari la kubeba wagonjwa.

"Wewe mwanamke, teremka! Nimepark vibaya mie, hawa watalivuta gari!"

"Amechukua funguo, Khadijah."

"Si nilikwambia? Mwanamume akikupikia chai siku tatu mfululizo, hesabu vijiko vyako. Ingia, bwana!"

Akaikanyaga barabara kuu ya 94 mpaka Saint Paul, mimi nyuma nashonea kifungo. Ndivyo nilivyofika pale mlangoni na kusikia natangazwa kuwa sipo.

Turudi ukumbini.

Mugisho akaanza. Sitaki kuwadanganya, aliimba vizuri. Wazee wakafumba macho. Mama mmoja akatoa kitambaa. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, zote sawasawa, hadi pale ninapopumulia mimi alipumua pale pale.

Kama angeushika mwisho, kiti kilikuwa kimekwenda!

Akafika mwisho...

Akarudi nyuma kutoka kwenye maikrofoni, akainua kidevu, akaurudia mstari wa kwanza kwa sauti ya juu, juu, juuu! Akaishikilia pumzi kama mshindi wa mashindano ya kwaya, mkono mmoja hewani.

Hakuna aliyepiga makofi. Waliofumba macho wakayafumbua.

Mugisho akatabasamu, akainama, akaanza kushuka.

"Subiri kijana," akasema mzee wa banjo, mkubwa wa kundi. "Unamwita nani?"

"Pardon?"

"Umeimba. Unamwita nani?"

Mugisho akatazama huku na huku. Kwa Kiingereza kuita na kupiga simu ni neno moja, naye akadhani anaulizwa habari za simu.

"Mimi... siiti mtu. Merci."

Ukumbi ukaguna. Orla akasimama polepole, uso umemwiva.

"Baba yangu hakumfundisha mtu wimbo bila kumfundisha kumaliza," akasema. "Hata mimi nilipokuwa na miaka sita. Nani alikufundisha wewe?"

Hapo ndipo nilipotoka nyuma ya makoti.

Mugisho akaniona. Jamani, natamani ningekuwa na picha ya uso ule! Mdomo wazi, jasho, na theluji nje.

Orla naye akaniona. Akatazama gauni langu, akatazama gitaa langu mkononi mwa mwanamume, akaelewa kila kitu bila tafsiri.

"Asipoita mwimbaji, huita mwenye nyumba," akasema. "Ninamwita Perpétue, ambaye naona amerudi mapema kutoka Nairobi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Nikapita katikati ya viti. Sikupanda jukwaani, maana Mzee alinifundisha kuimbia chini, karibu na watu. Nikataja aliyenipa wimbo. Nikafumba macho, nikaimba.

Nilipofika mwisho, nikaachia muziki. Nikafumbua macho.

Kiti kitupu kilikuwa pale karibu na mlango.

Lakini Mugisho alikuwa anaelekea mlangoni, ameinamisha kichwa, na mimi nikaona ananitoroka. Nikamfuata kwa macho. Nilitaka asikie! Nilitaka kila mtu aone ninamwambia nani! Nikautamka mstari wa mwisho nikimkazia macho yeye, kila neno kama kofi:

"Mlango haujafungwa. Ingia tu."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Akagonga kiti, kiti kikaanguka, akatoka bila koti kwenye baridi ya nyuzi kumi na tano chini ya sifuri.

Makofi! Wazee walisimama! Nilipomwita mzee wa banjo aimbe baada yangu, akanishika bega, akasema, "Kiti ni chako, binti."

Sasa niambieni, mnanionea huruma? Mnasema maskini Perpétue aliibiwa, Mungu akamtetea?

Ngojeni niwamwagie mtama wote.

Nilijua.

Wiki tatu kabla, nilikuta simu ya Mugisho chini ya kitambaa cha vyombo jikoni, inarekodi, sekunde zinakwenda. Nikafungua ujumbe wake. Alikuwa amemwandikia Orla kwamba mimi siaminiki, na kwamba yeye yupo tayari.

Ningeweza kumtimua siku ile ile. Ningeweza kumpigia Orla. Nikachagua kitu kitamu zaidi.

Nikairudisha simu chini ya kitambaa, nikaimba vizuri zaidi!

Na aliponiuliza mwisho wake, nilimjibu huku namshika shavu:

"Chéri, mwisho unarudia mstari wa kwanza. Lakini kwa sauti ya juu kabisa, ushikilie pumzi mpaka wapige makofi. Wazungu wanapenda hivyo."

Habari ya kumwita mwimbaji anayefuata sikumgusia kabisa. Na Khadijah hakupita pale kwa bahati. Nilimpanga wiki nzima kabla, maana nilimjua mwanamume wangu. Uongo wa Nairobi tu ndio sikuutarajia.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilimshikia taa achimbe.

Basi nilikuwa natafuna keki ya ushindi pale ukumbini, Orla akaja kukaa karibu nami. Nikamweleza yote, nikijisifu. Hakucheka.

"Ule mstari," akasema, "baba alikuambia umwambie nani?"

"Yule ninayetaka aingie."

"Na ulimwambia nani?"

Nikaiweka keki chini.

"Baba alikaa karibu miaka hamsini akimsubiri rafiki yake aliyemwibia," Orla akasema. "Alikataa studio ili siku moja aimbe mbele yake amwaibishe. Yule mtu akafa kwanza. Sina sauti ya baba hata kwenye kanda moja, Perpétue. Hata moja."

Akainuka, akaenda kukusanya vikombe.

Jioni, jua halijazama, mlango wangu ukagongwa. Nikachungulia kwenye kitundu. Mugisho, gitaa langu begani, midomo imekauka kwa baridi.

"Chérie, fungua. Ulisema mlango haujafungwa. Ulisema niingiye."

Alikuwa ameyaamini yale maneno!

"Gitaa weka chini," nikamwambia. "Funguo za gari weka juu yake. Halafu nenda."

"Lakini ulisema mbele ya batu bote..."

Nikasubiri nisikie nyayo zake zikishuka ngazi. Nikachukua vitu vyangu, nikazungusha komeo mara mbili. Sikujuta kumfungia, na mpaka leo sijuti. Mwizi ni mwizi.

Kilichoniuma ni kingine. Nilikaa sakafuni mgongo ukiwa mlangoni, nikamkumbuka mama, nikatambua kwamba maneno niliyomwekea yeye miaka yote ile, nilimtupia mwanamume niliyekuwa sitaki aingie hata barazani.

Ndugu zangu, kisasi nilikipata, na kilikuwa kitamu, sitawadanganya. Lakini kabla hujampiga mwizi wako, tazama umeshika nini mkononi. Usimpige kwa kitu ambacho ulikuwa umemwekea mtu unayempenda.

Miaka miwili sasa naimba na lile kundi. Tulirekodi wimbo wa Mzee, nilimlazimisha mzee wa banjo mpaka akakubali, na Orla anausikiliza akiendesha gari. Kila ninapoimba, mstari wa mwisho nakiambia kile kiti kitupu karibu na mlango.

Lakini mara ya kwanza nilimpa Mugisho. Mama, kama uko mahali unasoma haya, nisamehe. Mlango haujafungwa. Ingia tu.