Pengo la Mkasi

Sare thelathini za wanafunzi zilitapakaa sakafuni, zimekatwakatwa kama majani ya kulisha ng'ombe. Mlango wa nyuma ulikuwa umevunjwa. Cherehani haikuguswa.

"Mwizi gani anaacha cherehani?" Inspekta alijiuliza.

Mwenye duka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sare, alikaa kwenye kigoda akijaribu kutunga uzi kwenye sindano. Mara tatu ulimkwepa.

"Mikono imenigeuka, afande. Usingizi sina. Kila mtu akipita mlangoni nashtuka."

"Pale kituoni yupo mshauri nasaha. Ni bure."

"Kwani mimi mwendawazimu?"

"Aliyevunjika mguu akipewa gongo, mama, anaitwa mvivu?"

Inspekta alipiga magoti na kioo chake cha kukuzia. Katika kila mkato, uzi mmoja haukukatika. Mkasi uliotumika ulikuwa na pengo.

Hadi jioni alikuwa amekusanya mikasi ya mafundi wote wa mtaa na kuijaribu kwenye kitambaa, mmoja baada ya mwingine. Wa saba uliacha uzi. Ulikuwa wa Mzee Koti, aliyemfundisha Mama Sare kazi.

"Jana usiku ulikuwa wapi, mzee?"

"Nyumbani."

"Na mkasi?"

"Nyumbani pia."

"Hukumwazima mtu?"

"Fundi haazimi mkasi wake!"

"Basi umejijibu mwenyewe."

Mzee aliinamisha kichwa. 

"Nilimfundisha hata kushika tepu, binti yule! Leo wateja wangu wananisalimia mlangoni, kisha wanaingia kwake. Shule nayo ikampa kazi yeye. Nilitaka achoke, aache."

Kituoni, ambako mzee alikuwa ameshikiliwa, Mama Sare alitoka kwa mshauri macho mekundu, shingo wima. Alikuwa ameambiwa kwamba ana haki ya kuieleza mahakama alivyoumizwa.

"Nitaeleza," alisema. Kisha akamgeukia mzee. "Shikamoo, mwalimu."

Mzee hakuitikia.

"Kazi ulinipa wewe, sikatai. Kuniachisha huwezi."

"Vitambaa vile vilivyokatwa vinabaki kwetu kama vielelezo vya kesi," Inspekta alimwambia.

"Vibaki. Nina jora zima la kitambaa nyumbani, na Jumatatu shule inafunguliwa."

Ndugu wa Mzee Koti walikuwa wamejazana mbele ya kituo, wananung'unika. Mshauri akamwonyesha Mama Sare mlango wa uani.

"Sikuiba cha mtu," alisema Mama Sare, akafunga kanga yake vizuri, akapita katikati yao.