Usikate Mpaka Niseme

"Redio, sogea kushoto. Hatua mbili."

"Sawa, Mwalimu."

"Na usitikise kamera. Hujabeba mtoto."

Binti akacheka. Aliitwa Redio kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo, na chuo kizima cha utangazaji hakikuwa na mwanafunzi aliyemzidi. Alisimama ndani ya lango la ghala, kamera ya Sony begani, kisikilizi sikioni, akijua anarekodi habari ya darasani kuhusu msaada wa kamera kwa waandishi wa habari.

Ndivyo alivyoambiwa, maskini.

Mwalimu alikuwa ndani ya Hiace mita mia mbili kutoka hapo, akiitazama picha ya Redio kwenye skrini. Bastola ya Glock pajani. Mwalimu gani! Kila somo alilisoma kitabuni jana yake, akalifundisha leo. Idara ya usalama ilimpandikiza chuoni kwa ajili ya mtu mmoja tu, yule mgeni wa suti nyeupe waliyemwita Mfadhili.

Masanduku kumi ya Mfadhili yalikuwa na kamera. Mawili mengine yalikuwa na mabomu, na kesho yangeingia bungeni mikononi mwa waandishi wa habari. Kuna mtu wa ndani ya bunge angeyapitisha. Sura yake hakuna aliyeijua.

Simu ikatetemeka. Mkuu wa Idara.

"Umemwona huyo mtu wa ndani?"

"Bado hajashuka kwenye gari lililoingia ghalani."

"Tukivamia kabla hajashika sanduku, kesho atakuwa nje na wakili wake anatucheka."

"Najua."

"Na huyo mtoto wa watu?"

"Kazi anaijua."

"Sikukuuliza kazi."

Mwalimu akakata simu. Askari wangenuswa mara moja. Lakini mwanafunzi anayemrekodi tajiri akitoa msaada, nani angemshuku?

Mlango wa gari ukafunguka. Mtu mwenye kofia akashuka, akampita Mfadhili, akaipa kamera mgongo, akainamia sanduku la mwisho na kulifungua.

"Mwalimu," Redio akanong'ona. Kicheko kilikuwa kimekauka. "Hilo sanduku halina kamera. Lina nyaya na saa."

"Shika picha."

"Nitoke?"

"Nimewafundisha nini? Kila picha sekunde kumi. Mwenye pupa huondoka na picha za migongo. Usikate mpaka niseme."

Moja. Mbili.

"Mfadhili ananiangalia, Mwalimu."

"Shika."

Nne.

"Anakuja!"

Neno moja tu lingetosha. Kimbia. Lango lilikuwa hatua kumi nyuma yake, na binti alikuwa na miguu myepesi. Mwalimu alilijua hilo. Roho ilimuuma, tusimsingizie. Ilimuuma kwelikweli, na bado akafumba mdomo.

Sita. Saba.

Mwenye kofia akageuka, sanduku mkononi. Lo! Alikuwa mkuu wa ulinzi wa bunge, yuleyule aliyewapekua waandishi kila asubuhi.

"Vamieni!" Mwalimu akawaamuru askari waliojificha nje.

Mlio mmoja wa risasi. Picha ikaanguka, ikabaki inaonyesha sakafu na kiatu cheupe.

Dakika mbili zilitosha. Mfadhili alilazwa kifudifudi, pingu mikononi. Mkuu wa ulinzi alilia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Mabomu yakateguliwa, na bunge likasalimika bila hata kujua.

Mwalimu alipofika ghalani, Redio alikuwa chali, shati limelowa damu.

"Imetoka?" akauliza. "Sikukata."

"Imetoka safi."

Akatabasamu. Alisifiwa na Mwalimu, basi. Hakusema tena neno, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza.

Simu ikaita mfukoni mwa binti. *Mama*. Mwalimu akaipokea.

"We mtoto, mbona hupokei?"

"Mama, ni mwalimu wake. Pole sana. Tumempoteza Redio. Kulikuwa na majambazi." Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Nilimwambia akimbie. Hakunisikiliza."

Kisha pumzi ndefu ya mwanamke aliyekatwa miguu.

"Hakukusikiliza wewe?" mama akasema polepole. "Mwanangu? Humu ndani tumechoka na 'Mwalimu kasema, Mwalimu kasema.' Ungemwambia akimbie, baba, sasa hivi angekuwa hapa mlangoni anahema."

Mwalimu akaiweka simu juu ya kifua cha binti, mama bado anaita. Akachomeka Glock kiunoni, akafunga kifungo cha koti na kutoka nje kwa mwendo wake wa siku zote.

Saa nane alikuwa na kipindi.