Bosi Alinipa Likizo Mlangoni mwa Ndege

Mguu mmoja ulikuwa ndani ya ndege, mwingine bado chini... nikasikia bosi wangu akiniua kwa simu!

Sizushi, jamani. Tulieni niwape.

Naitwa Orpha, wa mtaa wa Kinama, hapa Bujumbura. Nauza mabati kwenye kampuni ya bwana mmoja anaitwa Libère. Mwaka jana bwana huyu alinunua kindege. Cha viti vinne, kimechoka, mlango haufungi mpaka uusukume kwa bega. Lakini majivuno sasa! Kutwa kucha "ndege yangu, ndege yangu."

Akanituma Kalemie, ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kule kuna Mama Assia, alitaka mabati ya shule nzima, na alishasema atasaini na mimi tu.

Nikamwachia mama yangu watoto wangu wawili. Baba yao ni marehemu, wana mimi tu. Nikaenda zangu uwanja wa ndege.

Sasa Libère ana ushamba mmoja... kila simu lazima aweke spika! Eti tusikie anavyojuana na wakubwa. Siku hiyo alikuwa anaongea na mtu wa bima.

"Mu ndege muko bafanyakazi bako?" sauti ikauliza.

"Apana! Ule mwanamuke iko mu congé. Anaenda kutembea tu. Ndege ikianguka, kampuni haimo!"

Likizo?! Mimi?! Na begi la mikataba begani?

Halafu akacheka. Alicheka, jamani!

Yaani yeye apunguziwe bima, na nikifa, wanangu wasipate hata faranga moja. Waambiwe mama yenu alikufa kwenye starehe zake.

Nikashusha mguu.

"Orpha, panda! Tunachelewa!"

"Patron, mi niko mu congé."

"Congé gani?"

"Ile umenipa sasa hivi ku simu. Mutu wa congé hatumwi kazi."

Akaanza kubembeleza, huyo huyo simba wa ofisini!

"Ile ni maneno ya bima tu, dada yangu. Ndege iko muzima kabisa!"

Dada yake tangu lini?

"Kama iko muzima, panda weye. Mama Assia nitamupigia, asaini na we."

Wasomaji wangu... mwanaume mzima akakitazama kindege alichotuimbia mwaka mzima. Akarudi nyuma hatua moja.

"Apana, Orpha... Mi niko na batoto."

"Na mi niko na mbuzi?!"

Rubani wake, Méthode, alikuwa kwenye kiti chake akisikia yote. Akavua hedifoni, akateremka taratibu.

"Patron, na mi umeniweka mu congé?"

Libère akajifanya anatafuta mtandao kwenye simu.

Méthode hakuuliza mara ya pili. Akausukuma mlango kwa bega, akafunga.

"Dada Orpha, twende. Tushirikiane taksi."

Mnadhani bwana alijifunza? Thubutu! Jumatatu akanifukuza kazi.

Nikaenda kwa inspekta wa kazi, nikamsimulia yote, naye akamwita Libère. Akaja na suti yake, kifua mbele, manukato yanamtangulia.

"Huyu mwanamuke alikataa mission, safari ya kazi!" akafoka.

Inspekta akamtazama.

"Siku ile alikuwa ku kazi, ao mu congé?"

Hapo ndipo mtego ulipomnasa Libère.

Akisema nilikuwa kazini, basi alimdanganya mtu wa bima. Akisema nilikuwa likizo, basi sikukataa kazi yoyote. Mjanja wa mabati kajifungia mwenyewe!

"Alikuwa... mu congé," akasema kwa sauti ya kuku mwenye mafua.

"Basi congé imeisha. Arudi ku kazi."

Nikarudi. Na Kalemie nimeshaenda, kwa boti, karatasi ikisema wazi niko kazini.

Ndugu zangu, bosi akikupandisha kwenye chombo chake, usimshukuru kwanza. Muulize: nikifa humu, nimekufa kazini au matembezini?

Akianza kukuita dada... shuka!