Kumi kwa Kumi ya Mama Denise

Mama Denise alikuwa akisonga bukari, ugali wa kwao, huku akiimba. Mjini Albertville, ambao leo tunauita Kalemie, majirani walimjua hivyo: akiimba, mambo ni mazuri. Siku hiyo yalikuwa mazuri mno. Shati alilomshonea mumewe lilipata kumi kwa kumi katika darasa la kushona.

"Tena kumi!" alimwambia Papa Cyprien, mumewe, fundi wa reli. "Mutihani unakaribia. Nikifaulu, watanipa kazi ya kushona nguo za watoto wa masomo."

"Basi Jumapili nitalivaa. Kanisa lote lione."

Kanisa lote liliona kweli. Papa Cyprien ndiye aliyeongoza kwaya. Alipoinua mikono kuanzisha wimbo wa mwisho, mkono wa kulia wa shati ulikatika begani, ukateleza mpaka kwapani. Wanakwaya waliimba huku wakicheka. Yeye aliendelea, bega nje, maana kiongozi haachi wimbo njiani.

Siku ile Mama Denise hakuimba tena. Aibu ilimshika, na hofu ikazidi aibu. Kama shati lenye alama kumi linakatika, mtihani ataufaulu vipi?

Kesho yake alilipeleka darasani kwa Mama Hortense, mwalimu wao. Walimu wenzake Wazungu waliondoka mwaka wa uhuru, akabaki peke yake na darasa lililojaa mpaka mlangoni. Ndiyo maana aliwaachia wanawake wasahihishiane kazi.

Mama Hortense alivuta uzi kidogo tu, mshono wote ukafumuka. "Uzi haukufungwa mwisho. Nani alikupa kumi?"

"Mama Léontine."

"Ni nani kwako?"

"Mukwe wangu. Mutoto wake ataoa binti yangu."

Mama Léontine alisimama, mkono kifuani. "Mama, ule uzi niliuona. Lakini nani atamupa mukwe wake ine kwa kumi? Ndoa itakufa!"

Darasa likaangua kicheko.

"Mimi nilimupa jirani yangu tatu," alisema Pascasie, msichana mcheshi. "Shati lilikuwa zuri. Lakini kuku wake wanamaliza mboga yangu!"

Mama Hortense alicheka mpaka akafuta machozi. "Kosa ni langu pia. Niliwapa kazi ya kupima, sikuwafundisha kupima."

Akatundika shati la Papa Cyprien ukutani, kila mmoja atoe alama. Mmoja akatoa tatu, mwingine tisa.

"Munaona? Shati ndiyo lile lile. Huyu anaangalia rangi, yule vifungo. Tupatane kwanza tunaangalia nini."

Wakapatana: vipimo, unyoofu wa mshono, na uzi kufungwa mwisho. Mama Léontine akaongeza, "Na tuvute mukono kwa nguvu!" Wote wakakubali.

"Sasa, hakuna jina juu ya nguo," alisema Mama Hortense. "Itakuwa na namba, na mwenye kujua ni ya nani ni mimi tu. Watu watatu wataipima, kila muntu peke yake. Wakikaribiana, tunashika alama ya katikati. Wakiachana sana, nitaangalia mwenyewe. Tena kila muntu aseme sababu. Kusema 'mubaya' tu hakufundishi kitu."

Shati jipya la Mama Denise, namba saba, likapata nne. Waliolipima walisema: mishono mirefu mno, kama ya gunia. Alirudi nyumbani amenuna. Kisha akafumua, akashona upya. Baadaye akapata sita, halafu nane. Uimbaji ukarudi jikoni. Mtihani ulipofika, akafaulu na kazi akaipata.

Siku ya harusi ya binti yao Papa Cyprien aliongoza kwaya na shati jipya la mke wake. Alipoinua mikono, hakuna aliyemtazama usoni. Macho yote yalikuwa mabegani. Akainua zaidi, makusudi. Mikono ya shati haikutikisika.

Mama Léontine akamsogelea Mama Denise.

"Mukwe, ile namba saba niliipa ine. Kumbe, Mama Hortense ameniambia, ilikuwa shati yako! Unisamehe."

Mama Denise alimkumbatia. "Nikusamehe nini? Kumi yako ilimuvua bwana wangu shati mbele ya kanisa. Ine yako ndiyo imemuvalisha."