Meseji za Fundi wa Roboti

Ukumbi wa hospitali ulifurika watu asubuhi ile, na roboti ya kubeba vipimo ikakosa njia. Ikarudi nyuma, ikageuka, ikamgonga Kidoti gotini. Chupa ya kipimo iliyobeba ikapasuka. Sketi yake ya bluu, iliyonyooshwa kwa pasi ikanyooka, ikaloa mpaka chini.

"Toba! Mkojo wa nani huu?"

Fundi mrefu mwenye ovaroli ya kijivu akaja mbio, akaokota kipande cha chupa. "Kuna jina hapa, dada. Nikusomee?"

"Peleka huko!" Lakini alicheka huku ameziba pua, na mambo yakaanzia hapo.

Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa doa jeusi la shavuni, alisimamia chumba cha kufulia. Fundi alitunza roboti za hospitali: za kubeba vipimo, za kusugua sakafu, na ule mkono wa chuma unaomsaidia daktari kupasua. Ana kwa ana alikuwa bubu wa mapenzi. "Umekula?" "Nimekula." Basi. Lakini kwenye simu! Meseji zake zilitiririka asali: *Malaika wangu, bila wewe jua langu halichomozi.* Kidoti naye akafungua moyo wake wote. Akamwandikia hata alilomficha mama yake: mimba iliyotoka, na mwanamume aliyekimbia. Jibu likaja papo hapo, tamu hata akalia.

Siku moja alimpelekea chai karakana. Mlangoni akamtania kwa meseji: *Nakuja, jiandae.* Akaingia. Fundi alikuwa amelala chini ya roboti ya kusugua sakafu, mikono yote miwili imezama ndani, aking'oa nywele na utelezi mweusi ulionasa kwenye brashi. Simu ya Kidoti ikalia.

*Njoo, kipenzi, mikono yangu inakungoja.*

Akaitazama ile mikono. Ilikuwa nyeusi mpaka viwikoni.

"Nani ameniandikia?"

Fundi akajikokota nje. "Ni... roboti ya kwenye simu. Inajibu yenyewe. Mimi maneno sina, mpenzi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na ile ya mimba?"

"Mimba ipi?"

Kidoti akarudi nyuma kwa kinyaa. "Nimeivulia nguo mashine," akasema. "Wewe mwenyewe hata hukuwepo."

Akaifuta namba yake. Fundi akapiga simu ya mezani ya chumba cha kufulia. "Nisikilize kidogo tu..." Ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena.

Wiki iliyofuata akaja mwenyewe, macho mekundu, akasimama kati ya marundo ya mashuka yenye damu na matapishi. Kidoti aliendelea kuyachambua.

"Nimezisoma meseji zako zote," Fundi akasema.

"Hongera."

"Nimejiona uchafu. Hata chakula hakipiti."

"Hayo nayo umeandikiwa?"

"Nimeizima." Akatafuta neno, akalikosa, akatafuta tena. "Yule mtoto... ungemwita nani?"

Mikono ya Kidoti ikasimama. Mashine ilimpa pole nyingi, tena za kupendeza. Swali hilo haikumuuliza.

"Bado unanitia kinyaa," akasema.

"Najua."

"Usinishike."

"Sikushiki."

Kidoti akasukuma stuli kwa mguu. "Kaa, basi. Hapo hapo, mbali." Akajifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa vichafu. "Ningemwita jina la bibi yangu."