Ngata Chini ya Nyonga

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha akamgeuza bibi. Chakula kilikuja baadaye.

Bibi alikuwa amepooza upande wa kushoto tangu alipopata kiharusi, na hakuweza kujigeuza. Mama alimfundisha Chiriku kazi hiyo kabla hajasafiri: kunja goti, shika bega na nyonga, vuta polepole, weka mto mgongoni na mwingine katikati ya magoti. "Ngozi ikilaliwa sana hufa kimyakimya," alimwambia. "Ukiona doa, libonyeze. Lisipobadilika rangi, usilale nalo. Sema."

Mama mwenyewe alikuwa nchi ya mbali akifanya kazi hiyohiyo. Alimtunza kikongwe mmoja, akiishi humohumo nyumbani kwake, chumba kwa chumba, ili asikie kengele ya mgonjwa ikilia. Akimaliza mkataba, angeruhusiwa kuhamia huko kabisa na kumchukua Chiriku na bibi. Akiukatisha, ndiyo basi tena.

"Binti yangu anamgeuza mama wa watu," bibi alipenda kusema, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo, "na mimi nageuzwa na ndege asiyefunga domo!"

Ndiyo maana wote walimwita Chiriku. Maneno yake yalitangulia miguu yake.

Mama mdogo, fundi cherehani, alimhudumia bibi asubuhi na adhuhuri, kisha akarudi kibandani kwake sokoni. Alasiri yote ilikuwa zamu ya Chiriku. Lakini juma moja darasa lake lilikuwa na mashindano ya mpira wa pete, na mazoezi yalikuwa matamu. Alirudi jua likizama, akijifuta jasho mlangoni.

"Umemgeuza bibi?" mama mdogo aliuliza alipoingia.

"Nimemgeuza."

Alisema hivyo siku ya kwanza, na siku zilizofuata uongo ukatoka wenyewe, bila kusukumwa.

Kisha jioni moja, akimbadilisha bibi nguo, akaliona doa. Lilikuwa kwenye nyonga ya kushoto, jeusi lenye wekundu, la moto kuliko ngozi ya pembeni. Alilibonyeza. Halikubadilika. Bibi hakulalamika, maana upande ule hakuhisi kitu.

Alifungua mdomo amwite mama mdogo, akaufunga. Alikumbuka maneno ya mama mdogo aliyoyasikia jikoni: "Dada akisikia mama kazidiwa, kesho yuko kwenye ndege. Mkataba atautupa jalalani."

Basi akatafuta dawa yake mwenyewe. Alichukua kipande cha khanga kuukuu, akakisokota duara, akatengeneza ngata kama ile wanayoweka kichwani wabeba ndoo. Kama ngata huokoa utosi, mbona isiokoe nyonga? Akaisukuma chini ya bibi, doa likakaa kwenye tundu.

"Mama mdogo, kuanzia leo namwosha bibi mimi, asubuhi na jioni; wewe mlishe tu," alisema jioni ile.

"Ala! Umekua, mwanangu," mama mdogo alimsifu. Sifa ile ilimchoma kama sindano.

Ngozi ilichubuka. Chiriku alianza kunusa harufu hata akiwa darasani, na mpira wa pete haukumnogea tena.

Mama alipopiga simu ya video, Chiriku alielekeza kioo kwenye uso wa bibi tu.

"Mbona kimya leo? Chiriku wangu kameza ulimi?"

"Nimechoka tu, mama."

"Na wewe, mama, u hali gani?"

"Nadekezwa," bibi alijibu. "Mjukuu wako kanisokotea ngata, nimekalishwa kama ndoo ya maji!"

Kicheko cha mama kilikatika. "Ngata? Ngata ya nini? Imewekwa wapi?"

"Bibi anatania..." Chiriku alianza.

Kengele ililia upande wa pili. Mama aligeuza uso, akarudi kumtazama. "Mgonjwa wangu ananiita. Nikirudi, uniambie nisichokiona."

Simu ikabaki inaonyesha dari. Chiriku alisikia sauti ya mama kutoka chumba cha pili, laini, ikimwambia mtu asiyemfahamu: "Taratibu, nimekushika. Huanguki." Mlangoni alisimama mama mdogo, pini mdomoni. Chiriku aliona anaweza kukata simu. Kidole kilikuwa pale pale.

Mama alirudi akihema.

"Mama, bibi ana kidonda," Chiriku alilipuka. "Sikuwa nikimgeuza. Nilikuwa uwanjani, nikadanganya. Nikanyamaza usije ukarudi!"

Pini zilidondoka sakafuni. Mama alifumba macho, kisha akayafumbua.

"Toa ngata hiyo sasa hivi. Inabana damu pande zote, nyama ya katikati inakufa kwa kiu. Mdogo wangu, kimbia kwa muuguzi!"

Muuguzi wa zahanati ya jirani alikuja na mkoba wake. Alikitazama kidonda muda mrefu.

"Kimechubuka juu tu," alisema mwishowe. "Mngenificha wiki nyingine, ningekuwa nachungulia mfupa." Alikisafisha, akakifunga, akapiga marufuku bibi kulalia upande ule. Akawa anakuja kubadilisha bandeji. Mama mdogo alihamishia cherehani chumbani kwa bibi, na Chiriku akaaga mashindano.

Kidonda kilipoanza kufumba, mama alimwita kwenye simu. "Siku ile nilikuwa nimeshatoa sanduku chini ya kitanda; muuguzi aliposema kimechubuka juu tu, nikalirudisha. Ungeendelea kuficha, ningerudi kuzika. Wewe uliogopa ukweli utanirudisha, kumbe ndio ulionibakiza kazini. Mlezi si mikono tu, mwanangu. Unachokiona, ukiseme, hata kama kosa ni lako. Mimi nalala huku kwa kuamini neno lako."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," bibi aliongeza kutoka kitandani. "Na mimi bado sijataka kuumbuliwa!"

Kesho yake Chiriku hakungoja kuulizwa. Alipiga simu mwenyewe.

"Mama, leo nimechelewa kumgeuza bibi. Nilisimama njiani kupiga soga. Nimemgeuza sasa hivi, nimeangalia nyonga, haina doa. Na tena, mama, unajua huko shuleni leo..."

"Haya," bibi aliguna. "Ndege kafunguka domo. Sasa tutalala salama."